Kupoza kompyuta ya gemu kwa maji ukiwa Dar: anza na joto la chumba

Kabla hujaulizia bei ya kitu chochote, weka kipimajoto karibu na kompyuta yako mchana wa Februari, madirisha na feni ya juu vikiwa kama unavyoviacha siku zote. Changu, bila AC, kinasoma nyuzi joto 32. Namba hiyo ndiyo inayoamua mambo karibu yote yanayofuata, kwa sababu rejeta, yaani kile kifaa cha mapezi membamba ambamo feni hupoza maji yanayozunguka, haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayopita ndani yake, hata uifungie feni kumi. Video nyingi tunazoangalia zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi, chumba kina nyuzi 21. Wakikwambia maji yao yanatulia kwenye 33, yaani 12 juu ya hewa yao, wewe soma 44.

Nyuzi 44 si balaa. Ila ujue ukuta uko wapi: pampu maarufu ya D5 imeandikiwa maji yasiyozidi nyuzi 60, na mabomba magumu ya plastiki ya PETG huanza kulegea mapema kuliko watu wanavyodhani, hasa pale yanapobanwa na fitingi, yaani viungio vyake. Mimi nimejiwekea 50 kama mwisho kabisa. Ukitoa 32 unabaki na nyuzi 18 tu za kuchezea, na hapo umeshahesabu siku mbaya, vumbi kwenye rejeta na mgeni aliyefunga dirisha.

Sasa hesabu wati. Mashine yangu ina prosesa ya Ryzen 7 5800X na kadi ya picha ya RTX 3080. Prosesa hiyo kiwandani inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142 kwenye soketi, na kadi imepangiwa wati 320. Hiyo ni 462 kabla hujaovakloki, yaani kuzisukuma zikimbie kuliko zilivyopangwa kiwandani. Ukianza kupandisha volteji, wati hupanda kwa mraba wake: asilimia 10 ya volteji ni kama asilimia 21 ya joto, na bado hujagusa kasi. Nilipanga kwa wati 550.

Kanuni wanayotumia wengi ni wati 100 kwa kila nafasi moja ya feni ya milimita 120, feni zikizunguka kwa utulivu, maji yakiwa juu ya hewa kwa nyuzi kama 10. Kwa hesabu hiyo nilihitaji nafasi tano na ushee, nikachukua rejeta mbili za milimita 360, kila moja ya feni tatu. Kati ya rejeta moja nene na mbili nyembamba, chukua mbili nyembamba kama kasha lina nafasi. Nene inadai feni zenye msukumo mkubwa, na msukumo ni kelele. Zote ziwe zinavuta hewa kutoka nje ya kasha. Ukiifanya ya juu iwe ya kutolea, unaipoza kwa hewa ambayo tayari imeshapita kwenye rejeta ya kwanza, na huku kwetu hatuna nyuzi za kugawa bure.

Niseme wazi: kama shida yako ni gemu kukwama na kadi kupiga kelele, punguza volteji ya kadi kwanza. Ni bure, na mara nyingi utapoteza fremu chache sana. Mzunguko kamili wa maji unaweza kukugharimu karibu sawa na kadi yenyewe.

Ukiamua kuendelea, usitegemee miujiza kwenye prosesa. Joto la 5800X linatoka kwenye kipande kidogo cha silikoni, milimita za mraba zipatazo 80, na kikwazo ni kulitoa hapo kufika kwenye bloku, kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji ndani yake. Ndiyo maana hata kwa maji utaiona ikigusa 80 kwenye kazi nzito. Anayefaidika kweli ni kadi, hasa kwa bloku inayofunika chipu na memori zote pamoja, maana memori za GDDR6X za 3080 ni jiko. Kama bajeti inatosha bloku moja, ipeleke kwenye kadi. Na linganisha picha ya bodi ya kadi yako na orodha ya mtengenezaji wa bloku hadi herufi ya mwisho ya modeli, kwa sababu kadi mbili zinazoitwa 3080 zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa.

Watu wanabishana sana kuhusu nani atangulie kupata maji, prosesa au kadi. Piga hesabu: maji yakipita lita 4 kwa dakika na mzigo wa wati 500, tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka haifiki nyuzi 2. Panga kwa njia fupi na isiyokunja mipira, basi. Sharti moja tu, tanki liwe juu ya mlango wa kuingilia pampu, kwa sababu pampu ikizunguka kavu inakufa.

Nimesema mipira. Mabomba magumu yanapendeza kwenye picha, lakini mpira mweusi wa EPDM hauogopi maji ya nyuzi 45, hautoi ule utando mweupe wa mipira ya plastiki laini, na unakuruhusu kusogeza kadi pembeni bila kumwaga maji yote.

Fitingi ndipo pesa na muda vinapopotelea. Thredi ya vifaa hivi ni G1/4, yaani ile robo inchi ya BSP, na ukishuka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya bomba utazikuta za brasi kwa bei ya chai. Shida ni kwamba nyingi zina thredi ya kuchongoka, inayoziba kwa kukazwa na tepu nyeupe. Bloku na tanki mara nyingi vina kifuniko cha akriliki, plastiki ngumu inayopasuka kirahisi. Ukikaza thredi ya kuchongoka humo unasikia mlio mdogo, na mstari wa ufa unatokea hapo hapo. Thredi sahihi haipungui upana, inaziba kwa oringi, yaani pete ya mpira, na inakazwa kwa vidole. Nyingine ni ndefu mno, ncha yake inagota ndani ya bloku na kubana njia ya maji. Kariakoo chukua koki ndogo ya brasi ya kutolea maji, fitingi zinazoingia kwenye bloku agiza.

Chora mzunguko mzima kwenye karatasi kabla ya kuagiza. Vifaa vitano, yaani pampu na tanki lake, bloku mbili na rejeta mbili, kila kimoja kina mlango wa kuingia na wa kutoka: fitingi kumi. Ongeza tii na koki sehemu ya chini kabisa, elbo pale mpira ungekunjika, vizibo vya milango isiyotumika, na oringi za akiba. Ongeza na fitingi mbili za ziada, maana moja ikipungua utasubiri mzigo mwingine mzima wakati mashine iko wazi mezani.

Kuhusu rejeta za magari, najua mafundi watakushawishi. Miaka ya mwanzo ya 2000 wenzetu wa Marekani walitumia kweli rejeta ndogo za hita za magari ya zamani, lakini zile zilikuwa za shaba. Nyingi za leo ni alumini, na alumini ikikaa kwenye maji mamoja na bloku ya shaba, italiwa.

Maji yenyewe ni yale ya betri yasiyo na asidi, ukichanganya na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Agiza dawa iliyokolezwa, usisafirishe maji kwa ndege. Maji ya kisima ya Dar yenye chumvi hata usiyafikirie, na yale ya rangi nzito kama maziwa huacha tope kwenye vijia vyembamba vya bloku. Barafu kwenye tanki? Kwa unyevu wa pwani, bomba lolote lililo chini ya nyuzi 24 hivi litatoa jasho juu ya bodi yako.

Kujaza: chomoa nyaya zote za pawa saplai isipokuwa ya pampu, unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya pini 24, tandaza karatasi za jikoni chini ya kila fitingi, washa sekunde chache, zima, ongeza maji, rudia. Inamisha kasha kila upande hadi mapovu yaishe, kisha iache izunguke usiku kucha.

Feni ziongozwe na sensa ya joto la maji, si la prosesa, la sivyo zitapanda na kushuka kila unapofungua kivinjari. Pima baada ya kucheza nusu saa au zaidi, kwa sababu maji hupanda polepole. Zangu huanza kukaza mwendo maji yakifika 40 na hufika mwisho kwenye 47. Pampu naiacha asilimia 60 muda wote.