Tumbo la mbwa limegoma kusaga

SWALI: Mbwa wangu alipasuliwa baada ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Wiki 2 sasa, anatapika chakula cha jana kikiwa kizima. Kulikoni? – Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Misuli ya tumbo lililotanuka mno hulegea, chakula kikachelewa kushuka utumbo mwembamba. Upungufu wa potasiamu huzidisha tatizo, apimwe damu. Mpe milo midogo 4 hadi 6 kwa siku: wali bokoboko na kuku asiye na ngozi. Mafuta huchelewesha zaidi, kwa hiyo tui la nazi msahau. Daktari wa mifugo akihakikisha hakuna kuziba, anaweza kumwandikia metoklopramidi (dawa ya kusaidia tumbo kusukuma chakula), miligramu 0.2–0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, kila saa 8, nusu saa kabla ya mlo. Akivimba tena na kujikakamua kutapika bila kutoa kitu, usimpe dawa. Mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo.