Programu ya ramani ikigoma, rubani anafanyaje?

Ndugu, umeuliza kama ndege hupotea programu ya ramani ikizima. Haipotei. Kompyuta ya kuongozea safari iliyofungwa ndani ya ndege ni kitu kimoja, kishikwambi chenye ramani za viwanja ni kingine.

Angalia American Airlines, Aprili 2015. Walishaachana na ule mkoba wa ramani za karatasi wa kilo 16 hivi ambao rubani alikuwa anaubeba (migongo ilishukuru!), wakahamia kwenye iPad. Siku hiyo programu ikawa inajizima kwa marubani wa safari kadhaa. Kisa? Ramani moja ya uwanja wa Reagan, Washington, iliingia mara mbili kwenye kanzidata. Basi. Baadhi ya ndege zikarudi getini kutafuta waifai. Dawa ilikuwa ileile unayoijaribu wewe kwenye simu: futa programu, pakua upya. Waliokuwa wanakwenda Reagan wakatumia ramani ya PDF nje ya programu, au ya karatasi.

Na ikizima mkiwa angani? Rubani anabonyeza redio, mwongozaji wa ndege aliye chini anamtajia uelekeo na kimo, yeye anarudia maneno yale yale, anageuza. Abiria anaendelea na juisi yake.