Daftari la pili chini ya kaunta

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, unaandika shajara? Imekusaidia nini katika kujitazama na katika imani yako?" Mimi nina duka Majengo, hapa Moshi. Wateja wananiita Mangi, kama anavyoitwa kila Mchaga mwenye duka kuanzia Tunduma hadi Bukoba, na sikuwahi kujua kwamba ninachoandika usiku nikishafunga kina jina zuri la shajara. Nyumbani kinaitwa daftari la pili. La kwanza ni la madeni.

Yote mawili ni kaunta buku za kawaida na yanakaa chini ya kaunta, jirani na mzani. La madeni mtaa mzima unalijua, maana wengi majina yao yamo. La pili lilizaliwa ndani ya lile la kwanza. Mwaka 2009, wiki tuliyomzika baba kihambani, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya wazazi, kule Kilema mlimani, nilifungua daftari la madeni niandike rambirambi, nani katoa nini, ili na mimi nijue pa kurudisha siku yao ikifika. Nikaandika majina kumi na kitu, halafu mkono ukaandika wenyewe: "Tumemzika baba na tai yangu ya harusi." Nikaitazama sentensi ile muda mrefu. Haikuwa deni la mtu. Kesho yake nikachukua daftari jingine kwenye shelfu, nikalilipia kabisa kama mteja, kwa sababu niliona haifai tai ya baba ikae katikati ya unga wa mama fulani na sabuni ya fundi viatu.

Tangu hapo nimejaza kumi na moja. Siandiki kila siku, na anayeniambia anaandika kila siku huwa simwamini sana. Januari shule zikifunguliwa, watu wanapigana vikumbo kununua madaftari kwangu, mimi mwenyewe napitisha wiki mbili bila kuandika neno. Najua siku hizi yapo madaftari mazuri yenye kufuli na maua juu. Binti yangu aliniletea moja. Nililiogopa, likakaa jeupe mwaka mzima. Ukurasa ulikuwa mzuri mno kuuandikia kwamba nimemtukana mpakia mizigo. Nikaligawa.

Niwape mfano wa ninachoandika. Ukurasa mmoja wa 2016 unasema: "Jumanne. Mvua. Mtoto wa jirani kaja na mia nne, mafuta ya kupima ni mia tano. Nimemrudisha. Sikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na aliyenipa noti bandia asubuhi." Basi. Hakuna sala, hakuna fundisho. Siku tatu baadaye mama wa yule mtoto akapita upande wa pili wa barabara bila kunisalimia, nami mchana kutwa nikamwona ana maringo. Usiku nilipofungua daftari nimwandike na maringo yake, macho yakapanda mistari michache juu, yakamkuta mtoto amesimama na kichupa chake. Mia moja tu ilikuwa imepungua.

Hicho ndicho nilichokipata kwenye daftari, kama mnauliza faida. Siku unapoandika hujapata kitu bado. Unakuja kupata siku unaporudi nyuma kusoma, na mara nyingi unachokipata hukukipenda.

Kuhusu imani. Sisi Wakatoliki tumefundishwa tangu utoto kuichunguza dhamiri kila jioni kabla ya kulala. Tunakiri kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu, tunapiga kifua. Kifua nilikuwa nakipiga vizuri tu. Ila kitubioni dhambi zangu zilikuwa zilezile tatu tangu Komunyo ya Kwanza: nimesema uongo, nimekasirika, nimekosa Misa. Padre angeweza kunitangulia kuzisema. Halafu katika mafungo ya Kwaresima mwaka mmoja tukaelezwa habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola na kitabu chake cha mazoezi ya kiroho, kile alichokiidhinisha Papa Paulo III mwaka 1548. Mle ndani kuna zoezi ambalo muuza duka yeyote hahitaji kufafanuliwa. Unachagua kasoro moja tu. Kwa kila siku ya juma unachora mistari miwili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na kila ulipoanguka unaweka nukta juu ya mstari. Kisha unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Nilicheka mle mle kanisani, watu wakageuka. Kumbe mtakatifu alikuwa anafunga hesabu!

Nikachagua kujibu wateja kwa ukali. Juma la kwanza nukta tisa. Juma la pili kumi na saba. Nilisikitika, nikamwonyesha mke wangu, naye akasema juma la pili ndilo la kweli.

Jirani yangu wa vitambaa, mzee wa Kiislamu ambaye hunikuta nikiandika anapotoka msikitini baada ya Isha, haoni cha ajabu katika haya. Kwao ipo siku nyingi, inaitwa muhasaba, na hupenda kunitajia maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Nikamtania kwamba sisi Wachaga tunahesabiwa kila Desemba, maana watani wetu wanasema hatupandi mlimani kula Krismasi, tunakwenda kuhesabiwa. Mzee akafikiri kidogo. "Basi wewe jihesabu Novemba," akasema, akaenda zake.

Wapo watakaotaka ushahidi wa kisomi. Binti yangu anayesoma saikolojia alinisomea utafiti wa Mmarekani James Pennebaker, aliouchapisha na Sandra Beall mwaka 1986. Waliwaandikisha wanafunzi wa chuo kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Wengine mambo ya kawaida tu, wengine jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Walioandika tukio pamoja na walivyolisikia moyoni walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Akanisomea na kipande ambacho naona watu hukiruka: mara tu baada ya kuandika, walewale walijisikia vibaya zaidi. Hapo nikamwamini huyo Mmarekani. Ule ukurasa wa tai ulinikosesha usingizi.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu kuwajibu ni jingine, na halinipi sifa.

Baba alipofariki, mimi mkubwa nilikuwa na sehemu yangu tayari. Nyumba ya wazazi na kihamba chake, kwa desturi yetu, ni ya kitinda mimba, kwa hiyo mdogo wangu akabaki pale na mama. Mibuni ya baba ilikuwa imezeeka, ugonjwa wa chulebuni unaila, na bei ya kahawa hailipi hata dawa ya kupulizia. Mwaka 2012 mdogo wangu akaing'oa. Akapanda migomba na maparachichi.

Hapo nikapata kesi. Kwa miaka kumi nilimsimulia kila aliyekaa kwenye benchi la duka langu: kang'oa kahawa ya baba bila kuniambia. Wateja walijua, shangazi alijua, padre alijua. Desemba nilipanda Kilema, nikamsalimia mama mlangoni, nikaenda kula kwa shangazi. Na mbaya zaidi nilikuwa naandika. Madaftari yangu ya 2014 hadi 2021, kila Desemba, yana sentensi ileile karibu neno kwa neno: "Kang'oa bila kuniambia." Mnaowahimiza watu waandike, waambieni na hili pia. Jambo ukiliandika mara nane linaanza kusomeka kama Injili, na daftari linaweza kuitunza chuki yako vizuri kuliko moyo, kwa sababu moyo husahau.

Mwaka 2022 panya wakaingia stoo. Ilikuwa Novemba. Nikatoa maboksi yote nje, na katika boksi la chini nikakuta madaftari ya zamani, la 2012 limetafunwa pembe. Nikalifungua kuona hasara. Nikakutana na hii: "Alhamisi. Dogo kapiga simu. Mibuni ya baba inakufa, anauliza tufanyeje. Nimemwambia afanye anavyoona, mimi nina wateja."

Mwandiko ni wangu. Peni ya kijani, ile niliyokuwa natumia mwaka ule wote kwa sababu iligoma kuuzika. Nikakaa juu ya gunia la mchele. Nilijaribu kuikumbuka ile simu, na mpaka leo sijaikumbuka. Mteja gani alikuwa mbele yangu siku ile, alinunua nini, sijui. Ila ilipigwa, na nilijibu.

Sisi wa Kilema tulipaswa kuijua kazi ya daftari zamani sana. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alikuwa safarini kutoka Rabai, karibu na Mombasa, anakuja huku kwetu. Asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya Mlima Kilimanjaro, akakiandika katika shajara yake siku hiyohiyo. Mmoja wa waliokuwa wakimwongoza, alipoulizwa ule weupe ni nini, alisema ni baridi. Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye Afrika hakuwahi kuikanyaga, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Wasomi wakabishana zaidi ya miaka 10, mpaka safari za mvumbuzi Mjerumani Karl Klaus von der Decken za 1861 na 1862 zilipowanyamazisha. Theluji yenyewe wakati wote huo ilikuwa palepale, nikifungua dirisha la nyuma ya duka asubuhi isiyo na mawingu naiona.

Katika kisa kile ninayempenda zaidi ni yule mwongozaji. Hakutunga maelezo, alitaja kile ambacho mkono unakijua. Baridi. Na ndicho kilichoniokoa mwaka 2012, maana usiku ule wa Alhamisi nilikuwa nimechoka, nikaandika baridi tu: kapiga, kauliza, nimejibu. Ningekuwa na nguvu za kutoa maoni ningeandika kwamba dogo ananisumbua, hana akili ya kuamua mambo, na leo nisingekuwa na cha kunishitaki. Kwa hiyo sasa naanza kila ukurasa na baridi. Nani kasema nini, shilingi ngapi, saa ngapi. Maoni yakibaki na nafasi, yaje baadaye.

Kwetu mtu akikosa hubeba jani la masale, na aliyekosewa akiliona hana ruhusa ya kukukatalia. Masale yapo mengi kwenye ua wa jirani yangu. Nikachuma, nikatia daftari kwenye mfuko wa rambo, nikapanda Hiace. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akalitazama jani, akanitazama na mimi.

"Umemkosea nani, baba?"

Nikasema mdogo wangu.

"Mkubwa anambebea mdogo?" Sikumjibu, naye hakusema tena chochote mpaka aliposhuka. Akageukia dirishani: "Usilikunje."

Mdogo wangu nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikampa masale, akalipokea kwa mikono miwili bila kuuliza la nini. Nikafungua daftari, nikamsomea ile Alhamisi, sauti ikinikauka. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengine mengi ya kufuatia, nimeyapanga njia nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anafuta panga kwenye suruali.

"Hilo nalijua, kaka," akasema. "Mimi ndiye niliyepiga simu."

Mama, ambaye masikio yake yalikuwa mazuri kuliko alivyotaka tuamini, akauliza kutoka ndani kama daftari linaliwa, akatuita mezani.

Usiku ule nikaandika mistari miwili, kwa mwanga wa simu, kwenye kitanda nilicholalia nikiwa mvulana. "Nimekula kwa mdogo wangu. Mtori umezidi chumvi."

Mangi wa Majengo,
Moshi