Picha ya Pili Ndiyo Inayopima Mitokondria za Moyo

Sestamibi yenye teknishiamu-99m, dawa ya sindano inayotoa mionzi, imezoeleka kwa kutazama damu inavyofika kwenye misuli ya moyo. Sindano hiyohiyo hueleza pia hali ya mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli), mradi mgonjwa arudi kwenye kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, saa 3 baada ya picha ya kwanza. Kwa Uganda jambo hili ni zito: wagonjwa wa saratani wanaopewa doksorubisini, na watu waliokaa miaka mingi kwenye zidovudini (dawa ya VVU), wote wametumia dawa zinazoweza kuumiza mitokondria.

Sestamibi ina chaji chanya. Ndani ya mitokondria kuna chaji hasi, nayo huivuta na kuishikilia. Mitokondria zikidhoofika chaji hiyo hushuka, sestamibi ikaanza kutoka. Ndiyo maana picha ya kwanza yaweza kupendeza kabisa, ya pili ikafifia.

Anza na kichupa cha kuchanganyia sestamibi na teknishiamu. Maelekezo yanataka kikae dakika 10 kwenye maji yanayochemka, lakini Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Afadhali kifaa cha joto kikavu chenye kipimajoto. Vyovyote iwavyo, pima usafi wa dawa kila unapochanganya. Ukiwa chini ya asilimia 90, usimchome mtu.

Mchome akiwa amepumzika, takriban megabekereli 600 (kipimo cha mionzi), kisha suuza kanula kwa maji ya chumvi. Mpe maziwa au chakula chenye mafuta (rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, na chai ya maziwa vinatosha) ili dawa iondoke kwenye ini, kwa sababu ini linalong'aa humwaga mwanga wake juu ya ukuta wa chini wa moyo. Piga picha ya mbele ya kifua dakika 45 baada ya sindano, na nyingine saa 3 na dakika 45 baada ya sindano. Kolimeta (kichujio cha miale mbele ya kamera), umbali na mkao visibadilike.

Makosa mengi hutokea kwenye hesabu. Tuseme picha ya kwanza inatoa idadi ya miale 180 kwa pikseli kwenye moyo na 100 katikati ya kifua: tofauti ni 80. Ya pili inatoa 110 na 60: tofauti ni 50. Teknishiamu hupungua nusu kila saa 6, hivyo gawanya 50 kwa 0.707 (sehemu inayobaki baada ya saa 3), upate karibu 71. Iliyotoka ni karibu asilimia 12 ya zile 80 za mwanzo. Ukisahau kugawanya utaandika asilimia 37.5, na moyo huo utaonekana umeharibika vibaya. Umeme ukikatika na picha ya pili ikachelewa nusu saa, kigawanyo ni 0.667, kwa hiyo andika muda halisi, usikisie.

Usiazime mpaka wa kawaida kutoka kwenye kamera ya hospitali nyingine. Weka wa kwenu kwa watu wasio na ugonjwa wa moyo, kwa saa zilezile. Sehemu yenye kovu haishiki dawa tangu mwanzo, basi usiisome kama ya mitokondria. Wala doksorubisini isisimamishwe kwa kipimo hiki peke yake: kisomwe pamoja na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na troponini (kipimo cha damu cha kuumia kwa moyo), na kwa mgonjwa wa kemo picha zote mbili zipigwe kabla ya dozi ya kwanza, ili za baadaye ziwe na cha kulinganishwa nacho.