JavaScript kwanza, PHP ifuate
Dogo, umeuliza kujifunza kutengeneza websaiti uanze na lugha ipi kati ya JavaScript na PHP: anza na JavaScript, PHP baadaye, ila HTML (inayopanga ukurasa) na CSS (inayoupa rangi na muonekano) usiziruke. Brauza inaielewa JavaScript yenyewe, PHP mpaka uweke seva kwanza hata kama ni XAMPP tu, programu ya kukuwekea seva kwenye laptopu, sasa wewe na bando la kuungaunga hapo Mtwara unafungua Chrome, unabonyeza F12, unaingia Console (sehemu ya kuandikia kodi), unaandika mistari miwili na kitufe kinabadilika rangi hapohapo, intaneti haihusiki. Mi natengeneza websaiti za wenye gesti huku Lindi, wengi wanataka WordPress (mfumo wa kutengenezea websaiti) na ile imeandikwa kwa PHP kwa hiyo hutaikwepa. Labda uwe unawinda kazi za nje za kufanyia nyumbani, hapo ukitoka JavaScript nenda React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa.