Baba aliokoka, Mama akalipa

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Kumfuata Yesu kwa moyo wote kumekugharimu nini?" Mimi kumenigharimu kidogo mno, cheo kimoja kazini na marafiki ambao hata siwakumbuki sana. Kwetu aliyelipa hasa ni Mama, na deni halikuwa lake.

Miaka ya 1960 Baba alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huku kwetu Bukoba. Kila msimu wa kahawa aliwapunja wakulima, ratili mbili kwa huyu, tatu kwa yule. Alipookoka aliangukia mikononi mwa ndugu wa Uamsho, na hao hawakuwa watu wa kuungama chumbani. Uamsho ule, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na kwetu, ulijulikana kwa kutubu hadharani na kurudisha. Aliyeiba jembe alilibeba begani mchana kweupe akampelekea mwenyewe.

Baba akachukua daftari, akaandika kila jina aliloweza kukumbuka. Akauza ng'ombe wote, baiskeli, na mabati yaliyokuwa yakisubiri nyumba mpya. Akapita nyumba kwa nyumba. Wengine walimkumbatia, mmoja alimtolea panga, mwingine akadai zaidi ya alichopunjwa, naye akapewa. Kazi akaachishwa, baada ya kuungama vile, nani angemwachia mizani? Kanisani walimwimbia Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Uamsho, mpaka sauti zikawakauka.

Mama hakuimbiwa. Alianza kulima kibarua kwenye mashamba ya watu, wengine wao walewale waliolipwa kwa ng'ombe wetu. Dada yangu mkubwa aliacha shule kwa kukosa ada. "Mwenzangu kasamehewa," Mama alizoea kusema akimenya ndizi, "mimi nimeachiwa hesabu." Wala kisu hakikusimama. Lakini sikuwahi kumsikia akimwambia Baba aache.

Ndiyo maana habari za Zakayo, yule mtoza ushuru katika Injili ya Luka, hunikereketa. Anasimama mbele ya Bwana, anatangaza nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Vizuri. Mke, kama alikuwa naye, Luka hamtaji kabisa. Vivyo hivyo wale ndugu wa Uamsho wa Kenya ya kati ambao, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia bunduki ya serikali. Baadhi waliuawa, nasi tunawataja kwa heshima, wanaistahili. Wajane wao, waliobaki na shamba na watoto, nani anawataja?

Sisemi Baba alikosea. Angefanyaje, abaki na ng'ombe wa wizi huku akiimba? Zile zilikuwa fedha za wakulima. Ninaogombana nao ni wale waliomshangilia. Walikuwa wengi, wenye migomba na kahawa yao, na hakuna aliyesema tuchange ada ya huyu binti. Yesu alisema anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Basi anayeokoka leo na ana cha kurudisha, aketi na mkewe, daftari likiwa mezani, na mzee wa kanisa aitwe. Asije mikono mitupu.