Kutoka kwenye chuma hadi kwenye nzi: ushauri kwa mtafiti mpya wa mionzi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu wanaofika Tengeru, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hutafuta mwanasayansi ambaye wangependa kufuata nyayo zake. Baadhi yao hukutana na orodha ya machapisho inayowatia mashaka: makala za mwanzo zinahusu mafuta ya vinu vya nyuklia na vyuma vinavyopigwa na nyutroni, na zile za baadaye zinahusu nzi wa matunda na mbung'o. Huuliza kama mtu huyo alihama fani kwa kukosa msimamo. Mimi huwaambia kwamba orodha ya namna hiyo inastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko iliyonyooka, mradi msomaji atafute ni kitu gani kilichovuka na mtafiti kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ni kitu gani hakikupaswa kuvuka kabisa.

Kabla ya yote, hakikisha ni mtu mmoja. Hifadhidata za machapisho huwachanganya watu wenye majina yanayofanana, hasa pale jina la kwanza linapoandikwa kwa herufi moja tu. Tazama namba yake ya ORCID, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, taasisi alizofanyia kazi, na waandishi wenza wanaojirudia. Ukikuta kipindi ambacho makala za pande zote mbili zilitoka katika taasisi moja, umeshapata daraja, na makala za kipindi hicho ndizo za kuanza kusoma.

Kinachovuka, karibu kila mara, ni ujuzi wa kupima dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho kitu kimepokea. Grei moja ni jouli moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya kitu, awe mdudu au kipande cha chuma. Madume ya nzi wa matunda hufanywa tasa kwa dozi ya karibu grei 100, kisha huachiwa shambani ili majike yatakayojamiiana nayo yasipate watoto. Piga hesabu ya nishati hiyo kama joto ndani ya maji, nawe utaona kwamba ingepandisha halijoto kwa takriban nyuzi 0.024 tu za Selsiasi. Hakuna kinachoungua. Kinachotokea ni kukatika kwa kromosomu ndani ya seli za uzazi, na ndiyo maana kiasi kidogo hivyo cha nishati kinaweza kukatiza kizazi kizima huku dume likiendelea kuruka na kula. Naomba uifanye hesabu hii kwa mkono wako mwenyewe kabla hujaandika pendekezo la utafiti, kwa sababu inakufundisha haraka kuliko mhadhara wowote kwa nini kosa dogo la dozi ni kosa kubwa la biolojia.

Hapo ndipo mtu aliyelelewa kwenye maabara ya nyuklia anapokuwa na faida. Anajua kwamba kobalti-60, chanzo cha miali ya gama inayotumika kuwapiga wadudu, hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27, yaani hupoteza takriban asilimia 12 kwa mwaka, na kwamba dakika zilizotosha mwaka jana hazitoshi mwaka huu. Makala inayotaja muda ambao wadudu walikaa kwenye mionzi bila kutaja grei haiwezi kurudiwa na mtu mwingine, hata kama jarida lililoichapisha lina heshima kubwa. Anajua pia kwamba chombo kilichojaa pupa (wadudu walio katika hatua kati ya buu na mdudu kamili) hakipokei dozi iliyo sawa kila mahali, kwa hiyo huandika dozi ya juu kabisa na ya chini kabisa ndani ya chombo, wala haridhiki na wastani.

Kwa kazi hii nakushauri ujifunze kipima dozi cha Fricke mapema. Ni mmumunyo wa salfeti ya feri (chumvi ya chuma) katika asidi; mionzi huibadilisha feri kuwa feriki, na badiliko hilo husomwa kwa spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 304 hivi. Hupima vizuri kati ya grei 20 na 400, na dozi nyingi za kufanya wadudu tasa zimo humo humo. Vifaa vyake si vya gharama kubwa, ila unadai usafi usio na mzaha, kwa kuwa uchafu kidogo wa kikaboni ndani ya maji au kwenye chupa huharibu usomaji. Mwanafunzi atakayeumudu ataheshimiwa katika maabara yoyote ya mionzi.

Kuna jambo la pili linalovuka, nalo husahaulika: mazingira wakati wa mionzi. Mwaka 1967 watafiti Cawthorne na Fulton walipoeleza vitundu vidogo vilivyojitokeza ndani ya chuma cha pua kilichokuwa kwenye kinu, ilidhihirika kwamba chuma hicho huvimba, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kiasi cha kuvimba hutegemea sana halijoto, si dozi peke yake. Wadudu nao wana sharti lao la kando, ambalo ni oksijeni. Pupa wakifungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa huitumia oksijeni yote, na dozi ile ile huwaathiri kidogo kuliko ingewaathiri penye hewa. Wengine hufanya hivyo makusudi ili dume libaki na nguvu. Basi andika kila mara: hewa gani, halijoto gani, umri wa pupa siku ngapi, na dozi ilitolewa kwa kasi gani.

Sasa lisilovuka. Watafiti wa vyuma hupima uharibifu kwa kuhesabu ni mara ngapi, kwa wastani, kila atomu imeng'olewa mahali pake. Sehemu za ndani za kinu zinaweza kufikia makumi ya mara katika maisha yake. Kipimo hicho hakina kazi kwa nzi, na mwanafunzi anayekilazimisha ndani ya makala ya wadudu anaonyesha tu alikotoka. La uzito zaidi ni kwamba chuma hakina tabia. Ukishajua nguvu yake baada ya mionzi, umemaliza. Dume tasa huwezi kulitathmini kwa utasa peke yake: lazima liruke, limpate jike, na likubaliwe mbele ya madume ya porini. Makala inayoripoti utasa wa asilimia 100 bila jaribio la ushindani imefika nusu ya njia, na kwa maoni yangu haipaswi kuitwa utafiti wa kudhibiti wadudu.

Tuna mfano wa nchini wa kuusoma kwa kina. Wazo la kutumia madume tasa lilitoka kwa Edward Knipling wa Marekani, ambaye pamoja na Raymond Bushland walilitumia dhidi ya nzi wa vidonda vya mifugo, na mwaka 1954 likafanikiwa katika kisiwa cha Curaçao. Unguja ilifuata miaka arobaini baadaye. Mbung'o wa aina ya Glossina austeni walizalishwa Tanga, madume yakapigwa mionzi, na zaidi ya milioni 8 yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Wanaosimulia habari hii hupenda kuitaja ndege na mionzi, lakini soma kilichotangulia: ng'ombe walipakwa kiuatilifu na mitego ikatumika hadi idadi ya mbung'o ikashuka sana, spishi ilikuwa moja tu, na bahari ilizuia wengine kuingia. Jike la mbung'o huzaa buu mmoja kwa wakati, takriban kila baada ya siku tisa au kumi, kwa hiyo pengo likitokea halizibwi haraka. Mionzi ilikuwa hatua ya mwisho katika kazi iliyopangwa na watu waliomjua mdudu wao.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwanafizikia asichague mdudu peke yake. Anayetoka Moshi, ambako kahawa ni maisha ya watu, mara nyingi hupendekeza mdudu mtobozi wa matunda ya kahawa, Hypothenemus hampei. Nia ni njema, lakini madume ya mdudu huyo hayaruki. Hubaki ndani ya tunda na kujamiiana na dada zao humo humo, na majike hutoka yakiwa tayari yamepandwa. Dume tasa utakaloachia shambani halina pa kumkuta jike. Nondo wa nyanya, yule ambaye wakulima wetu humwita kantangaze, ana tatizo tofauti: kromosomu za nondo huvumilia mionzi kuliko za nzi, na dozi ya kuwafanya tasa kabisa huwadhoofisha. Kwa nondo, watafiti hutumia dozi ndogo ili watoto wa kizazi kinachofuata wawe tasa kuliko wazazi wao. Mtu wa vyuma hawezi kulijua hilo kwa kukisia. Anahitaji mwenza wa entomolojia, yaani sayansi ya wadudu, tangu siku ya kupanga jaribio, na jina la mwenza huyo likae kwenye makala kwa haki yake.

Arusha inakupa nafasi ambayo miji michache inayo. Maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ziko Njiro, na wataalamu wa viuatilifu na afya ya mimea wako Ngaramtoni, kwenye iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, na sasa ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Nenda kote kuwili kabla ya kuandika sura ya kwanza ya tasnifu. Chanzo chochote cha mionzi kinahitaji kibali, nawe unatakiwa kuvaa kipima mionzi chako kila uingiapo. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka (milisiviti ni kipimo cha dozi kwa mwili wa binadamu). Panga muda wa vibali ndani ya ratiba yako tangu mwanzo.

Mwishowe utakutana na mkulima wa embe au nyanya atakayeuliza kama nzi uliowaachia wamebeba mionzi kwenye shamba lake. Mjibu kwa ukamilifu. Miali ya gama ya kobalti-60, yenye nishati ya elektronivolti milioni 1.17 na 1.33 (MeV), haina nguvu ya kugeuza atomu za mwili wa mdudu kuwa zinazotoa mionzi; ikishapita, haibaki. Chuma kilichokaa kinuni hali yake ni nyingine, kwa kuwa nyutroni hukifanya kitoe mionzi kwa miaka mingi. Tofauti hiyo iandike kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, mpe ofisa ugani wa kata husika ausome na akuulize maswali, kisha urekebishe kabla ya kumwachia nzi wa kwanza.